Kijani cha Nguba

Mama Furaha alizikwa Jumatano. Mvua ilikuwa imeifunga barabara ya Ggaba tangu asubuhi, nikakaa garini saa mbili nzima nikitazama mgongo wa lori la matofali, na nilipofika makaburini watu walikuwa wameanza kutawanyika. Esperansi, aliyempikia mgahawani kwa zaidi ya miaka ishirini, alinishika mkono akanipeleka hadi kwenye udongo mbichi, akasema kwa sauti ya mtu anayetambulisha mgeni sebuleni, "Mama, Akello amefika." Baadaye tulikaa chini ya turubai nyumbani kwa marehemu Kansanga, hapa Kampala, tukapewa chai na mandazi, na wanawake wa kanisa lake wakaanza kuyasimulia maisha yake, kila mmoja na kipande chake. Walisema alikimbia vita Bukavu na begi moja. Walisema alimngoja mume wake mpaka nywele zikawa nyeupe, na mume hakuja, pengine alifia porini, Mungu ndiye anayejua. Mmoja akasema, "Masikini, kama angelikuja hata mara moja tu." Nilikunywa chai yangu polepole mpaka ikaisha, nisiinue macho, maana mume alikuja. Alikuja Jumanne moja mchana, akala samaki, akaomba chumvi. Mimi nilikuwa juu ya ngazi, hatua nne kutoka mezani pake.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne. Habari za ukoo wangu naziruka. Inatosha kusema nilikulia kwenye kambi ya polisi, ambako watoto wa kila kabila tulicheza kwa Kiswahili kwa sababu hakikuwa cha mama wa mtu yeyote, na kwamba Kiswahili hicho ndicho kilichonipatia kazi. Nilikuwa nimesomea mapambo ya ndani ya nyumba, nikatoka chuoni na cheti na mawazo makubwa, nikaishia kupaka rangi saluni na mabucha. Nilipanga chumba Bwaise, mahali ambapo maji yalipanda kila msimu wa mvua, na ukutani kwangu kulikuwa na mistari mitatu ya matope, mafuriko matatu, mmoja juu ya mwingine. Pale nilijifunza kuta kuliko chuoni: jinsi unyevu unavyopanda kimyakimya nyuma ya rangi, jinsi ukuta unavyoweza kuonekana mzima kwa miezi na siku moja ukaacha ngozi yake yote sakafuni. Mama Furaha aliiona saluni moja niliyoipaka Kansanga, akaingia kuuliza ni kazi ya nani. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, kitenge kimefungwa barabara, na watu wa mtaa walimjua kwa sambaza wa kukaanga, wale dagaa wa ziwani, na sombe ya majani ya muhogo aliyouza mezani kando ya barabara. Sasa alikuwa amepata chumba. "Unasikia Kiswahili?" aliniuliza. Nikasema ndiyo. "Kiswahili ya kweli ao ya maaskari?" Nikasema ya maaskari. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Bas. Njo ile tutatumia," yaani ndiyo hiyo. Furaha, niliambiwa baadaye, alikuwa mtoto wake wa pekee, aliyefariki Bukavu kabla hajajua kutembea. Jina lilibaki kwa mama.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya unga: kirefu, chembamba, mabati matupu juu na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Unga ulikuwa umeingia katika kila ufa. Tulizisugua kuta siku tatu, mimi na Kizito, fundi wa mbao na umeme kutoka Mengo, mtu mzima mwenye maneno mengi na baiskeli isiyo na breki, na kila tulipofikiri tumemaliza, ukuta ulitema unga mwingine tukawa weupe hadi kwenye kope. Mchana Mama Furaha alituletea fufu, ugali wa muhogo, na sombe, tukala tumeketi juu ya magunia, na huku tukila akatuambia anachotaka. Hakutaka viti vya plastiki wala televisheni. "Nataka mutu akule sawa vile iko kwa nyumba," alisema, na akaanza kutueleza nyumba hiyo. Ilikuwa Nguba, upande wa Bukavu unaoshuka kwenye ziwa. Chumba cha kulia kilikuwa kidogo. Dari ilikuwa ya matete, sakafu ya saruji nyekundu iliyong'arishwa kwa nta ya mishumaa, kuta za kijani, na taa moja iliyoning'inia kwa mnyororo chini kabisa, karibu iguse mkate. Mume wake alikaa kwenye kiti chenye mikono, mgongo ukutani, akimsomea gazeti kwa sauti huku chakula kikipoa. Vita vilipoingia mjini yeye mume alikuwa safarini Kisangani kununua kahawa. Huo ulikuwa mwaka wa tano hawajaonana. Alikuwa amewaachia ujumbe madereva wa malori, wanakwaya, wauza vitenge, kila anayekwenda upande ule: mwambieni niko Kampala, Kansanga. Mgahawa ungeitwa Nguba, kwa herufi kubwa juu ya mlango, ili mtu yeyote wa Bukavu akipita asimame, aingie, na atoke na habari. Kizito aliacha kutafuna. "Kwa hiyo Maama," akasema, "tunajenga nyumba ya mtu mmoja, lakini wengine wanaluhusiwa kula?" Mama Furaha akamwongezea sombe.

Kijani kilitutesa wiki saba. Nilimwuliza ni kijani gani, akasema cha jani la mgomba. Nikachanganya, nikapaka ubao, nikamwonyesha. "Hapana. Hii ni ya juu. Mi nasema ya chini." Akatoka nyuma ya jengo, ambako jirani alikuwa na migomba minne, akavuta jani akaligeuza, na kweli upande wa chini ulikuwa na kijani kingine, kilichofifia, kana kwamba kimepulizwa majivu laini. Nilijaribu chokaa na unga wa rangi, nikatia masizi, nikatia njano kidogo, nikaitoa. Alikuwa na namna yake ya kutazama: aliingia amefumba macho, akanishika bega nimwongoze hadi katikati ya chumba, kisha akayafumbua ghafla. Ubao wa nne alisema, "Iko karibu." Wa sita alisema, "Imeenda mbali tena." Alipouona wa saba alilia, nikafurahi nikidhani nimefika. Kumbe alikuwa analia kwa sababu hakuikumbuka tena rangi ya nyumba yake. Alisema mbao zangu zimeingia kichwani mwake zikakaa mbele ya ile ya kwanza, kila akifumba macho anaona za kwangu. Nilitaka kuzitupa zote nje. Ubao wa tisa aliukubali asubuhi moja ya mawingu, akaweka kiganja juu yake kabla haujakauka, na hakujali kiganja. "Hii," alisema. Mpaka leo sijui kama alikumbuka au alichoka.

Nimetengeneza vyumba vingi tangu siku zile, Muyenga na Kololo na hata Entebbe, kwa watu wanaonionyesha picha kwenye simu na kuniambia wanataka mahali penye joto la moyo, kana kwamba joto la moyo huuzwa kwa mita. Huwaambia kile nilichokijua mwaka ule: mwanga ukishuka, sauti nayo hushuka. Kizito alitaka mirija mirefu ya taa nyeupe. "Mtu anataka kuona mfupa kabla haujamkwama," alisema. Mimi nilitaka balbu ndogo za njano, moja kwa kila meza, ndani ya vifuniko vya lubugo, kile kitambaa cha rangi ya udongo kinachopondwa kutoka kwenye gome la mti. Nilipoleta lubugo, Kizito aliweka mkasi chini. "Kwetu hii tunafungia maiti, nyabo. Utawawekea watu sanda juu ya chakula?" Mama Furaha, aliyekuwa mlangoni akichagua maharage, akauliza kama Waganda hawaivai pia kwenye sherehe. Kizito akakubali kwamba kwenye sherehe kubwa huvaliwa. "Bas, ni nguo ya siku kubwa," akasema Mama Furaha. "Siku ya kufa si ni siku kubwa?" Kizito akaikata huku midomo ikisogea bila sauti. Jioni tulipowasha taa ya kwanza, nikiwa nimeishusha hadi shibiri tatu juu ya meza, mwanga ulipita kwenye lubugo ukawa rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nyuso zetu zilibaki nusu gizani, mikono ikaonekana yote, na mikono yetu, iliyojaa rangi na gundi na makovu ya kisu cha jikoni, ilipendeza. Kisha Kizito, ambaye sijawahi kumsikia akinong'ona, alinong'ona, "Banange," jamani kwa Kiganda. Nilikuwa na furaha ambayo nadhani sikuipata tena katika kazi hii, na nilifikiri ni ya kudumu.

Dari ndiyo iliyoniharibia. Nilikuwa nimelala chali juu ya mbao, karibu na mabati, nikifunga matete kwenye fremu kwa kamba ya katani. Mama Furaha alikuwa sokoni, Kizito ameenda kutafuta nyaya. Waliingia watu wawili wakaketi chini yangu. Mmoja nilimjua kwa sauti: Inosenti, mdogo wake mume wa Mama Furaha, mfanyabiashara wa vitenge aliyekwenda na kurudi mashariki ya Kongo, mpole, aliyemletea shemeji yake kahawa kila safari. Wa pili alikuwa mchungaji wa kanisa lao. Hawakutazama juu.

"Kaka iko Kalemie," alisema Inosenti. "Nimemwona na macho yangu. Iko na bibi, iko na watoto watatu."

"Anajua mama iko huku?"

"Anajua. Miaka miwili sasa. Dereva alimfikishia habari. Alisema tu, asante."

Nilisikia mtu akikung'uta unga kutoka kwenye suruali yake.

"Mwache afungue kwanza," alisema mchungaji. "Ukimwambia leo, hatafungua. Hii kazi yote itakufa, na yeye nyuma yake."

"Na akisha kufungua?"

"Akisha kufungua, atakuwa na kitu cha kushika mkononi."

Sikuwa nimekusudia kujificha. Nilikuwa tu nimechelewa kukohoa, na kadiri nilivyochelewa ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu. Kisu changu kiliteleza kikaanguka sakafuni, karibu na kiatu cha mchungaji. Waliinua vichwa. Inosenti aliniangalia muda mrefu kupitia matete. "Dada, umesikia?" Nikasema nimesikia. Aliokota kisu, akapanda ngazi hatua mbili, akanipa kwa upande wa mpini. Hakunitisha. Angenitisha ningemshukuru. Alisema kwa upole wote, "Weye ni mutu wa rangi. Paka rangi."

Nimeligeuza neno lile miaka mingi. Kuna miaka niliyoliona ni tusi, na kuna miaka niliyoliona ni msamaha niliopewa mapema. Mume hakuwa wangu, vita havikuwa vyangu. Walionikataza walikuwa watu wazima waliompenda kwa muda mrefu kuliko mimi. Msichana wa kambi ya polisi hufundishwa tangu utotoni kwamba kilichosikika ukutani kwa jirani hakivuki mlango. Basi nilipaka rangi. Na kwa kuwa sikuweza kusema, nilifanya kazi vizuri zaidi, kana kwamba kuna mtu angekuja kunipa alama. Nilipaka kile kijani mara tatu mpaka ukuta ukawa na kina. Nilipiga magoti nikasugua sakafu nyekundu kwa nta ya mishumaa kama Mama Furaha alivyosema. Alitaka kiti kimoja chenye mikono kwenye meza ya kona, mgongo ukutani, uso mlangoni. Kizito alikichonga kwa mti wa mugavu, na mimi nikakipiga msasa siku nne, hadi mahali ambapo kiganja cha mtu kingepumzika pakawa laini kama shavu. Kila jioni nilirudi Bwaise nikijiambia kesho nitamwambia. Nililala natunga sentensi. Asubuhi nilizikuta hazifai.

Siku moja nilijaribu. Tulikuwa wawili jikoni nyuma, yeye anaonja sombe kwa kijiko cha mti, akanipa nami nionje. Nikasema, "Mama, na kama asipokuja?" Hakushtuka. Alionekana kama mtu aliyeulizwa swali hilo na wengi. "Mwanangu," alisema, "mi siko napanga aje. Kuja ni ya kwake. Mi niko napanga kama anakuja, asipotee mulango." Kisha akaniuliza kama chumvi inatosha. Nikasema inatosha. Mdomo wangu ulikuwa wazi, neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi pamoja na majani ya muhogo, na nikavimeza vyote kwa pamoja. Siwezi kujitetea kwa kusema sikupata nafasi. Nafasi ilinipikia, ikanipakulia.

Tulifungua Jumamosi moja saa moja ya jioni. Meza nane zilijaa, Wakongo wa Kansanga wamevaa vizuri kuliko siku ya Krismasi, majirani Waganda, na askari wawili waliotoka zamu ya mchana, wakavua kofia mlangoni kama wanaingia kanisani. Mchungaji aliomba. Inosenti alikula ameinamisha kichwa chini ya taa yangu, na taa ile, iliyotengenezwa ili ionyeshe mikono, ilionyesha yake ikimega fufu vipande vidogo kuliko vya mtoto. Watu walizungumza chinichini. Mwanamke mmoja mzee wa Uvira alilia kwa sababu ya matete ya dari. Mama Furaha alipita katikati ya meza na sahani, hakuwasha mwanga mwingine wowote, na kiti cha mikono kilibaki kitupu na hakuna aliyeuliza. Nilingoja Inosenti na mchungaji wamwambie wiki ile. Kisha wiki iliyofuata. Mgahawa ulizidi kwenda vizuri, na nadhani uzuri wenyewe uliwafunga midomo; kila Jumapili kulikuwa na jambo la kushukuru, na nani angesimama katikati ya shukrani na habari kama ile.

Miezi minne ikapita. Jumanne hiyo Kizito alikuwa ameniita kwa sababu kifuniko kimoja cha lubugo kilikuwa kimeanza kuungua kando ya balbu. Nilipanda ngazi saa tisa mchana, wateja wa chakula cha mchana wameshaondoka. Inosenti aliingia, na nyuma yake mwanamume wa makamo mwenye shati la mikono mifupi na bahasha ya kaki kwapani. Nilimjua kabla hajasema. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomjenga akilini. Mama Furaha alitoka jikoni akifuta mikono, akasimama.

"Mama Furaha," alisema yule mtu.

"Baba Furaha," alisema yeye.

Walisalimiana kwa mkono, kama watu wa ofisi mbili tofauti. Baba Furaha hakwenda kwenye kona. Aliketi meza ya kwanza karibu na mlango, akageuza kiti ili apate upepo, akatazama juu. "Huku munakulia gizani?" Alisema kwa utani. Mama Furaha mwenyewe alikwenda akavuta pazia, akaufungua mlango wote, na jua la mchana likaingia na vumbi lake likapiga ukuta hadi nyuma. Sijawahi kuuona ukuta ule vile. Ulionekana ukuta tu, wenye alama za brashi yangu. Alimletea samaki mzima na fufu, akamnawisha mikono kwa maji ya vuguvugu, akaketi mbele yake. Baba Furaha alikula kwa hamu. Alisema samaki iko mzuri. Aliomba chumvi. Mimi nilikuwa nimeshika bisibisi, na sikuweza kushuka bila kupita katikati yao, wala kubaki bila kusikia.

Aliifungua bahasha alipofika nusu ya samaki. Kulikuwa na mtu anayetaka kuinunua nyumba ya Nguba. Karatasi zilihitaji sahihi ya mke aliyeandikishwa. Alieleza taratibu, bila ukali, akasema pia kuhusu Kalemie, kwamba kuna watoto, kwamba mambo yalikwenda hivyo, kwamba naye alisikia mengi ya uongo kabla hajasikia ya kweli. Mama Furaha alisikiliza mpaka mwisho. "Maliza kukula kwanza," alisema. Akamaliza. Ndipo akamwuliza, "Unaona hii rangi?"

"Rangi gani?"

"Ya ukuta."

Aligeuka akatazama, kwa adabu, kama mgeni anayeonyeshwa picha za harusi. "Ni mzuri. Ni kijani."

"Chumba yetu ya kukulia, kule Nguba, ilikuwaka rangi gani?"

Alifikiri. Kwa kweli alifikiri, nilimwona akitafuta. Hakuwa mtu mbaya anayejifanya amesahau. "Si ilikuwa nyeupe?" alisema mwishowe. "Nyeupe, na chini njano kidogo."

Mama Furaha alichukua kalamu, akaandika jina lake lote polepole, kwenye kila karatasi aliyoonyeshwa. Kisha akamgeukia shemeji yake. "Na weye Inosenti, ulijua?"

Inosenti alikuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo, hakuwa amekubali hata maji. "Nilijua, shemeji. Na mchungaji. Na..." Hakumalizia. Macho yake yalipanda yenyewe, hatua kwa hatua, hadi juu ya ngazi, na macho ya Mama Furaha yakayafuata. Aliniangalia. Sikuona hasira ndani yake. Aliniangalia kama alivyokuwa akiangalia mbao zangu, amefumbua macho ghafla, anatafuta kama ndiyo yenyewe. Kisha akachukua sahani yenye mifupa akarudi jikoni, na nikasikia maji yakimiminika. Wanaume wawili waliondoka. Nikamalizia kukaza skrubu za ile taa.

Juzi pale msibani nilimkuta Inosenti, mzee sasa, anatembea na fimbo. Tulikaa pamoja, na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine duniani wa kumwuliza, nikamwuliza ukuta ule wa Nguba ulikuwa na rangi gani. Alifikiri sana, mkono juu ya fimbo. "Niliishi nao pale miaka tatu," alisema. "Sikumbuki kama kulikuwa na ukuta." Nilipoondoka nilipita pale palipokuwa mgahawa. Mwenye jengo alilichukua miaka michache iliyopita, na sasa wanauza simu. Kuta ni za vigae vyeupe na taa zinawaka mchana kutwa. Niliingia, nikajifanya natafuta chaja. Kijana wa duka akaniuliza nahitaji ya aina gani, nikatoka.

Baada ya Jumanne ile sikwenda tena Kansanga. Nilijiambia namwachia nafasi, lakini ukweli ni kwamba niliogopa. Wiki zilipita, nikapaka shule moja ya chekechea, nikapaka duka la dawa. Mwezi wa kumi na mbili Kizito alikuja Bwaise na baiskeli yake, akasimama kwenye kizingiti, akasema, "Maama anakuita. Usiniulize mimi." Nilimkuta jikoni asubuhi, mvuke umejaa, anachambua lengalenga, ule mchicha wa kwao. Nilisimama kando ya mlango. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba radhi njia nzima, na nilipoanza kuyasema aliinua mkono wenye majani.

"Juu ya ile mambo," alisema, "mi sikukasirika juu ulinyamaza. Watu wote walinyamaza, hata mutumishi wa Mungu. Nilikasirika juu ulifanya ile chumba mzuri sana. Kila siku nilikuwa nakuona, unaongeza. Taa, sakafu, kile kiti unakilainisha siku nne sawa vile ni cha bwana arusi. Nikasema kwa roho yangu: huyu mtoto hamjui mume wangu, lakini angalia vile anatengeneza. Huyu anaamini. Njo na mi nikaamini zaidi." Alitupa mzizi mmoja kwenye ndoo. "Kama ungelipaka vibaya hata kona moja, ningelijua kuna kitu."

Nilitaka kumwambia kwamba nilidhani uzuri ungemkinga, kwamba ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho. Lakini niliposikia jinsi sentensi ile ingetoka, niliiacha. Nikachukua kisu cha pili nikaanza kuchambua naye. Tulichambua fungu zima. Nje Esperansi alikuwa anafagia chini ya meza na viti vinakwaruza sakafu. Mwishowe Mama Furaha aliniuliza kama nimekula. Sikuwa nimekula tangu jana yake mchana. Nikamwambia nimekula. Aliniangalia usoni kidogo, akafunua sufuria, akanipakulia hata hivyo.